Mwaka Tuliomeza Pamoja

Meno yangu mawili ya mbele, ya chini, yaling'olewa na bibi mmoja jirani yetu kwa ncha ya kisu, nikiwa mdogo kiasi kwamba bado nililala ubavuni mwa mama. Nakumbuka harufu ya mikono yake, ugoro na samli, na magoti yake yalivyonibana kichwa. Sikulia. Walio hai wanaoweza kunibishia hapo wamebaki wachache, na mmoja wao hasikii vizuri. Bibi alipomaliza alinipa maziwa akaniambia, "Sasa una mlango. Siku ukiugua taya zikagoma kufunguka, dawa tutaimimina hapo." Basi kwa miaka mingi nilitembea nikijua kwamba mambo yangu ya ugonjwa yalishatengenezwa. Nilipomwona mtu wa mjini ana meno yote nilimhurumia. Huyu akiugua, nilijiuliza, watampitishia wapi dawa? Ng'ombe niliwajua, njia za maji nilizijua, na ugonjwa nilidhani naujua, maana dawa ya mwanamume ilikuwa porini na mlango ulikuwa mdomoni. Zahanati niliijua kwa nje tu, kama unavyojua nyumba ya mtu ambaye hamsalimiani.

Wiki iliyopita nilikuwa msibani Sekei, hapa Arusha. Tulikaa chini ya turubai kabla mwili haujasafirishwa kwenda Kilimanjaro kuzikwa, na kijana mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa akilitazama pengo langu kila nikitafuna. Nikamsimulia habari za kisu na bibi. Akaniambia yeye ni daktari. Nikamwambia vizuri, basi leo umejifunza. Aliyefariki alikuwa Sista Aikande, muuguzi, mwanamke wa Kichaga aliyefanya kazi Arusha maisha yake yote, na mtori, ile supu ya ndizi na nyama, tuliokunywa pale ulikuwa mzito kama alivyoupenda mwenyewe. Walipoomba watu waliomfahamu wasimame kumzungumzia, walisimama wa kanisani, wakasimama wauguzi, kisha nikasimama mimi na fimbo yangu. Nikasema Sista alinifundisha kusema uongo, na uongo ule ulikuwa dawa. Watu walicheka kidogo, kicheko cha turubai. Baadaye binti yake akanifuata na kiti, akakaa mbele yangu. "Shikamoo babu. Huo uongo ulikuwa upi?" Nilimsimulia nusu. Nusu ya pili ilinikaa kooni, ndiyo maana nimeamua kuyaweka yote hapa, ya kwake Sista na ya Meijo.

Meijo alikuwa rika langu. Tulitahiriwa asubuhi moja, tukavaa nguo nyeusi pamoja, na baadaye akanipa ng'ombe, kwa hiyo hatukuitana tena kwa majina. Kwetu Waarusha, huku magharibi ya Mlima Meru, mtu akikupa ng'ombe mnaitana Pakiteng, na jina mlilopewa na wazazi mnawaachia wengine walitumie. Sasa lazima nieleze jambo moja, bila hilo hakuna litakaloeleweka. Sisi tulipokuwa morani hatukunywa maziwa peke yetu. Kijana mwenye njaa ya siku mbili anaweza kufika nyumbani kwa mama yake, kibuyu kimejaa, na akalala na njaa kwa sababu hakuna mwenzake wa rika wa kunywa naye. Aliyekula peke yake alikuwa ameshajitoa katika wenzake, hata kama hajasema. Hatukuona ni mzigo. Naona vijana siku hizi wanakula wamesimama, simu mkono mmoja, chipsi mkono mwingine, na siwalaumu, lakini chakula cha namna hiyo mimi hakishuki.

Mwaka ule mvua za vuli zilikatika mapema, tukawa na mifugo upande wa tambarare, kule kwenye vumbi. Meijo akaanza kukohoa. Tukasema ni vumbi. Kila mtu alikohoa, ng'ombe wenyewe walikohoa. Lakini vumbi lilipotulia yeye hakutulia, na mwili ukaanza kumwisha, mpaka shuka ikawa inamzunguka mara mbili. Wazee wakasema apelekwe orpul, ile kambi ya porini ambako wanaume peke yao wanachinja, wanakula nyama na kunywa supu ya mizizi mpaka nguvu zirudi. Nilimsindikiza. Tulichinja dume zuri, tukachemsha mizizi mpaka supu ikawa nyekundu na chungu, na kwa siku nane Meijo alikula kama mtu asiyeumwa. Nguvu zilirudi kweli, nisiseme uongo, na hadi leo miguu ikiniuma ninaitafuta mizizi ile ile. Siku ya tisa alikohoa akiwa ameinama karibu na moto, na majivu yakapata damu. Akayafunika kwa soli ya kiatu. Akaniangalia kuona kama nimeona. Nikaangalia pembeni, na huko ndiko nilikokosea mara ya kwanza mwaka ule.

Kilichotupeleka zahanati si ugonjwa, ni kazi. Baada ya mifugo kupungua tulishuka mjini, tukapata ulinzi wa mchana kwenye ua wa mbao, tukapanga chumba Daraja Mbili kwa mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Eliza. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, jiko la mkaa, msumari wa kutundikia kibuyu na mlango mfupi ambao lazima uinamie. Dirisha hakikuwa nalo. Mwenye ua wa mbao alisema hataki mlinzi anayekohoa mbele ya wateja, aende akapimwe au aondoke. Meijo alikataa siku tatu. "Kule ni kwa wanawake na watoto," aliniambia. "Nikakae benchi moja na mtu anayenyonyesha?" Nikamwambia hatutakaa, tutasimama. Na kweli tulisimama. Asubuhi nzima tulisimama nje ya mlango na fimbo zetu, wanawake wakaingia na kutoka, wakatupita kama nguzo, mpaka muuguzi mfupi mwenye sauti kubwa akatoka na kuuliza, "Nyie baba zangu mnalinda nini hapa?" Huyo ndiye Sista Aikande. Alituzidi umri kwa miaka labda kumi. Alimpa Meijo kikopo cha makohozi, na mimi akaniambia nishike fimbo zote mbili ili mwenzangu asipate sababu ya kuondoka.

Ilikuwa kifua kikuu. Sista alitukalisha, alitukalisha kweli, kwenye benchi, akaeleza mara mbili. Vidonge vinne kila asubuhi, bila kuruka hata siku moja, kwa miezi mingi. Akiacha katikati ugonjwa utarudi umekomaa, na utamuua. Kwa kuwa kazi ilitubana alikubali kumpa vya wiki nzima, kwa sharti kwamba awepo mtu wa kumwangalia akimeza kila siku. "Nani anaishi naye?" Nikasema mimi. "Basi wewe ndiye msimamizi. Usimeze mate mpaka umeona amemeza." Nilijiona mkubwa sana siku ile. Sijawahi kupewa cheo kingine serikalini.

Kesho yake asubuhi nikamimina maziwa, vikombe viwili, na Meijo akaweka vidonge vinne kiganjani. Akavitazama. Akanitazama mimi.

"Na wewe?"

"Mimi msimamizi."

"Pakiteng, unataka nile huku unaniangalia mdomo mtupu?"

Nikafikiri. Sista alisema nimwangalie akimeza, hakusema mimi nisimeze. Na ilikuwa kweli, mtu wa rika langu alikuwa ameketi mbele yangu na chakula mkononi, na mimi nimekaa kama fisi. Nikanyoosha kiganja. Akanipa viwili, akabaki na viwili, tukanywa maziwa pamoja. Kimoja kati ya vile vinne kilikuwa chekundu, na hicho tulipokezana, leo yeye kesho mimi, maana tulikiona ndicho chenye nguvu na hakuna aliyetaka kumdhulumu mwenzake. Tuliendelea hivyo wiki hadi wiki, hatukuruka siku hata moja. Nakumbuka tulivyojisifu. Wengine wanasahau dawa zao, tulisema, sisi hatusahau.

Mwezi wa pili unakwisha, mkojo wangu uliniogopesha. Nilikuwa nimeuona mwekundu kabla ya hapo, nikadhani ni jua, kisha nikadhani ni mtu amenifanyia jambo. Mama Eliza akaona chooni, na kupitia ukuta tukamsikia akimwambia jirani yake, "Wale vijana wangu wanakojoa rangi ya chungwa, wote wawili. Mmoja ningeelewa." Nikaenda kwa Sista peke yangu. Nikamwambia kwa aibu, nikiangalia sakafu. Akacheka. "Hiyo ni dawa tu, rangi yake inapita. Mwambie Meijo asiogope." Nikamwambia si Meijo, ni mimi. Akaacha kucheka. Aliweka kalamu chini taratibu sana, akaniuliza swali moja baada ya jingine, vingapi, tangu lini, nani anameza chekundu. Nilijibu yote. Mpaka leo naona uso wake. Hakunigombeza. Alisema, "Lomnyaki, umemwibia mwenzako nusu ya uhai wake, na amekupa kwa mkono wake mwenyewe."

Akamwita Meijo, akampima upya. Kifua kilikuwa kibaya kuliko mwanzo. Mimi akanipima pia, sikuwa na kitu. Akasema lazima Meijo aanze tangu siku ya kwanza, safari hii vidonge pamoja na sindano za paja kila siku kwa miezi miwili, halafu vidonge peke yake, jumla miezi minane, na safari hii hakuna kugawana, na akishindwa tena hajui dawa nyingine ya kumpa. Akaagiza chumba chetu kipate dirisha. Mama Eliza aliposikia alikuja na kanga kiunoni. "Nyumba yangu si kichuguu, mnaitoboa mnavyotaka." Lakini Sista alikuja mwenyewe, wakasalimiana Kichaga mlangoni, wakakaa uani wakala ndizi, na kesho yake fundi akatoboa ukuta. Nilijifunza hapo kwamba mambo mengi ya hospitali hayafanyiki hospitali.

Sindano hazikuwa na shida, sindano ni kama mkuki, mwanamume anajua kusimama. Shida ilikuwa vidonge. Asubuhi ya kwanza Meijo aliviweka kiganjani, akanisubiri. Nikamwambia Sista amekataa. "Sista si wa rika letu," akasema, akavirudisha kwenye pakiti. Siku ya pili vile vile. Nilimsihi, nikamkumbusha damu kwenye majivu, akaniambia, "Mtu akifa anakufa mara moja. Nikila mbele yako wewe huli, nitakuwa nimekufa kila asubuhi." Hakuwa mjinga. Watu wakisikia hadithi hii wanadhani alikuwa mjinga, na mimi hapo ninakasirika. Alijua dawa inaponya. Alichojua zaidi ni yeye ni nani, na dawa ilimtaka awe mtu mwingine kila asubuhi kabla hajaanza siku.

Nilikwenda kwa Sista mbio. Alisikiliza, akafungua kabati, akatoa kopo, akamimina vidonge vyekundu vinavyong'aa kwenye karatasi. "Utakuwa unameza kimoja. Mwambie na wewe umeonekana una ugonjwa, ila wako umelala, ndiyo maana kimoja kinatosha. Mwambie ukiamka utakuua."

"Nimdanganye?"

"Unataka ameze au unataka kuwa mkweli?"

Nilimwambia Meijo siku ile ile, na nilimwambia vizuri. Nilikunja uso. Alinishika bega, akasema, "Ni mimi niliyekuambukiza." Kuanzia asubuhi iliyofuata yeye ndiye aliyeniamsha. Alimimina maziwa, akaniwekea kidonge changu mkononi, akangoja nimeze ndipo naye ameze. Wakati mwingine alinifungulisha mdomo aone ulimi. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi sasa. Jioni akipika loshoro alinipa upande wenye mahindi laini na maziwa mengi, akisema mgonjwa hatakiwi kutafuna sana. Jumapili moja alipanda mpaka msituni, mlimani, akarudi na mizizi amefunga kwenye shuka, akanichemshia supu kwa ajili ya kifua changu. Kifua changu kilikuwa kizima kama ngoma. Niliinywa. Nilimsikia akimwambia Mama Eliza uani, "Huyu asiponiona nikimeza atakata tamaa, kwa hiyo siwezi kuacha." Na Mama Eliza akajibu, "Mungu awasaidie, baba, mna moyo." Nikiwa ndani nikaweka kikombe chini, nikajiambia nimwambie kweli. Nikajiambia tena, mwache apone kwanza.

Na alikuwa anapona. Mwezi wa nne kikohozi kilikatika. Mwezi wa sita shuka ikamkaa. Alianza tena kutania wabeba mbao, akiwaambia mzigo wanaobeba wawili kwetu hubebwa na mtoto wa kike. Mimi choo changu kilikuwa cheusi kama makaa miezi yote ile, na sikuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa Sista, ambaye aliniambia nivumilie, damu yangu inanenepa. Watu wameniuliza kama najuta. Sijuti. Nimezunguka maboma mengi tangu mwaka ule nikitafuta wanaokohoa, nimewakalisha wanaume wengi kwenye mabenchi, wengine nimewavuta kwa shuka, na kila mmoja nilimtafutia namna ya kwake, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba mwanamume wa kwetu haogopi sindano wala uchungu wa dawa. Anaogopa kubaki peke yake na ugonjwa. Ukilijua hilo kazi imekwisha nusu. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba ningefanya vile vile. Ila nisingesubiri agundue mwenyewe.

Zilibaki wiki nne. Meijo akasema siku ile atakwenda kuchukua pakiti ya mwisho, ya wiki zote nne, yeye mwenyewe, mimi nibaki na kazi. Tulikuwa tunakwenda Jumatatu, lakini Jumatatu ile ua ulipokea mbao nyingi, akaenda Jumanne. Jumanne ni siku ya kliniki ya wajawazito. Sikulifikiria.

Alirudi mchana, nikiwa nimepita chumbani kula. Aliinamia mlango, akaingia, akakaa kitandani na fimbo yake katikati ya magoti. Nilimimina maziwa vikombe viwili, maana asubuhi hatukuwa na vidonge, nilisubiri arudi navyo. Akasema, "Leo nilikaa benchi moja na kina mama."

"Wamekutania?"

"Wananijua. Mmoja alitoka dirishani na karatasi, akaifungua, ana vidonge vyekundu vinavyong'aa. Nikamwambia pole mama, na wewe ugonjwa wako umelala? Wakacheka benchi zima. Akaniambia hivi ni vya kuongeza damu, wanapewa wenye mimba." Alikuwa anaongea taratibu, bila hasira, kama anayeeleza njia ya kwenda Terrat. "Mimba yako ina miezi mingapi?"

Sikuweza kucheka. Yeye pia hakucheka.

"Huumwi," akasema.

"Siumwi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Nilipimwa, sikuwa na kitu."

"Ile supu ya mlimani ulikunywa."

"Nilikunywa."

"Miezi yote hii nilikula peke yangu."

Nikamwambia tulikunywa maziwa pamoja, hayo yalikuwa ya kweli. Nikamwambia nilitaka apone, na amepona, ajitazame mikono. Nikamwambia zimebaki wiki nne tu, akiacha sasa kila kitu kitarudi, anipige akitaka lakini asiache. Nilisema mengi, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyosikia kwamba ninaongea peke yangu. Alikuwa amefungua pakiti. Akaweka vidonge vinne kiganjani, akavipanga kwa kidole. Nilinyanyua kikombe changu. Hakunisubiri. Alivitia mdomoni vyote kwa mara moja, akanywa maziwa yake mpaka mwisho akiwa amenitazama usoni, akaweka kikombe chini, akafuta mdomo kwa kiganja.

Kisha akaifunga pakiti, akaifungia kwenye pindo la shuka, mafundo mawili, akakaza kwa meno. Akachukua fimbo. Akainamia mlango akatoka, akamsalimia Mama Eliza uani kama kawaida, na Mama Eliza akamjibu. Kupitia lile dirisha nilimwona akishika njia, anatembea haraka, mtu mwenye afya. Nilidhani anakwenda kazini, lakini kazini hakufika, na chumbani hakurudi.